Risasi Isiyo na Risasi

Watu wa mtaani walimwita Bwana Moja. Alikuwa mwindaji mwenye kibali, na akienda porini alifyatua mara moja tu, mnyama akalala hapohapo. Hakupenda mnyama ateseke. Hakupenda kurudia, pia. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ingawa hakuthubutu kulisema hilo mbele ya mama yake.

Jioni moja familia ilikaa kula jikoni. Binti yake mkubwa alikuwa amerudi nyumbani ili ajifungue karibu na mama yake. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, ikabidi asogeze kiti nyuma kidogo. Mama alipakua viazi, mboga na nyama ya swala. Binti akachukua viazi na mboga. Nyama akaisukuma kwa baba yake.

"Vipi tena, mwanangu?" akauliza Bwana Moja. "Umeanza kuchagua chakula?"

"Si mimi, Baba. Mkunga amenikataza. Amesema nisile nyama yenye risasi."

Bwana Moja akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kwani mimi nakulisha risasi? Risasi naitoa mwenyewe, kwa kidole changu hiki hapa. Tafuta nyumba nzima, huipati!"

"Si hiyo unayoitoa, Baba. Ni risasi ile madini. Ile laini, ya kijivu."

"Risasi ni risasi," akasema baba.

"Mwache mtoto aeleze," akasema mama. "Ukishaanza na risasi ni risasi, hakuna anayemaliza sentensi."

Binti akaeleza. Mkunga alimwonyesha picha ya eksirei. Haikuwa picha ya mtu, ilikuwa ya kipande cha nyama ya porini. Nyama ilijaa vidoa vyeupe, kama mtu amemwaga chumvi. Risasi ya bunduki hutengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo ni laini. Ikimpiga mnyama hupasuka vipande vidogo sana, na vingine huenda mbali na jeraha. Jicho haliwezi kuviona wala ulimi kuvihisi. Moto wa jikoni nao hauviondoi.

"Ni sumu, Baba. Inaingia kwenye damu yangu, kisha kwa mtoto. Inaharibu ubongo wake kabla hata hajazaliwa."

Bwana Moja hakucheka tena. Alimwangalia binti yake, kisha akaiangalia sahani. Nyama hii alimlisha tangu alipoota meno. Aliumia moyoni, na uso wake haukuficha.

"Hukujua, Baba," akasema binti kwa upole. "Mkunga anasema siku hizi kuna risasi za shaba tupu. Hazipasuki ovyo. Wawindaji wengine wanazitumia."

"Basi kesho nanunua," akasema Bwana Moja. "Mjukuu wangu atakula nyama ya babu yake. Nani wa kunizuia?"

Kesho yake akaenda dukani. "Nipe za shaba," akamwambia muuzaji, "lakini uzito uleule wa zangu. Gramu kumi na moja. Sitaki vitoto."

Akaenda nazo kwenye uwanja wa shabaha, ule wenye tuta refu la udongo mbele. Akalaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Akafyatua, akafyatua tena, akafyatua tena. Kisha akaenda kuangalia karatasi. Tundu moja lilikuwa juu, jingine kando, na la tatu lilitoboa ukingo wa karatasi. Sahani kubwa ya chakula isingeweza kuyafunika yote.

Jirani yake, fundi wa viatu, alikuwa hapo na bunduki yake. Alichungulia karatasi ile, akasafisha koo.

"Habari za leo, Bwana Ngapi?"

Bwana Moja alirudi nyumbani na jina hilo likimchoma masikio. Akafungua kabati, akatoa boksi la risasi zake za zamani.

"Shaba haifai," akamwambia mkewe. "Kwa zile nitamjeruhi mnyama, akafie vichakani. Siwezi."

Binti alisikia akiwa mlangoni. "Sawa, Baba. Usimjeruhi mnyama. Nyama kuleni nyinyi. Mimi na mwanangu tutakula viazi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomshinda baba. Angesemwa vibaya, angejibu. Akarudisha boksi kabatini, akachukua bunduki, akaenda kwa Mama Mtutu.

Mama Mtutu alikuwa fundi wa bunduki. Karakana yake ilinuka mafuta na chuma, na kila kifaa kilining'inia mahali pake ukutani. Aliifungua bunduki, akahakikisha haina kitu ndani, ndipo akaongea.

"Karibu, kaka. Mtutu huu umeusafisha lini?"

"Jana. Mimi husafisha kila wiki, hata msimu ukiwa umefungwa. Muulize mke wangu."

"Unausafisha na nini?"

"Na nini tena? Mafuta!"

"Basi hujausafisha. Umeupaka mafuta." Mama Mtutu akacheka. "Hata mimi nikijipaka mafuta bila kuoga nang'aa. Lakini usinisogelee."

Akachukua dawa ya kutoa shaba, akaipitisha ndani ya mtutu kwa burashi. Akasubiri kidogo, kisha akapitisha kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka na rangi ya buluu.

Bwana Moja akakodoa macho. "Hiyo rangi imetoka wapi?"

"Ni shaba ya zamani. Risasi zako zile huvaa koti jembamba la shaba. Kila ukifyatua, koti linaacha utando ndani. Miaka yote hii umekuwa ukiujenga kama ukuta. Risasi mpya ikipita juu ya utando huo, inayumba."

Alirudia tena na tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kisha akaukausha mtutu.

"Haya, nionyeshe ulizonunua." Akaishika moja, akaiweka kando ya risasi ya zamani. "Unaona nini?"

"Hii ya shaba ni ndefu zaidi. Lakini uzito ni uleule."

"Ndiyo maana ni ndefu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Ukitaka uzito uleule, lazima uongeze urefu. Sasa, ndani ya mtutu kuna mistari iliyojipinda. Kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende sawa. Utotoni ulicheza pia, ile ya kuzungusha kwa kamba?"

"Sana! Nilikuwa bingwa."

"Pia ndefu na fupi, ipi inataka kuzungushwa kwa kasi zaidi isianguke?"

Bwana Moja akafikiri. "Ndefu."

"Umejijibu. Mtutu wako hauna kasi ya kuizungusha ndefu hivi. Chukua ya shaba iliyo nyepesi. Gramu tisa."

"Dada, gramu tisa si kitoto?"

"Kitoto chenye mbio. Inaruka kwa kasi, na shaba inahitaji kasi ili ifunguke vizuri ndani ya mnyama. Ila usimpige akiwa mbali sana, maana kasi hupungua. Na usinunue aina moja tu. Kila bunduki ina tabia zake. Jaribu mbili tatu, uone inapenda ipi."

"Kumbe bunduki nayo inachagua chakula," akasema Bwana Moja, akamkumbuka binti yake.

Safari hii alikwenda uwanjani na aina mbili za gramu tisa. Alifyatua chache za kuzoesha mtutu. Kisha akapiga tatu za aina ya kwanza, taratibu, akiuacha mtutu upoe kila mara. Zilikaa karibu kiasi, lakini hakuridhika. Akafuta mtutu, akaupumzisha, akajaribu aina ya pili.

Akaenda kuangalia. Matundu matatu yalikuwa yamegusana. Kisoda cha chupa kingeyafunika yote!

"Lakini yako chini ya alama," akasema fundi viatu, ambaye siku hiyo pia alikuwepo.

"Hilo ni la darubini ya bunduki," akajibu Bwana Moja, sasa akiongea kama mwenye karakana. "Risasi mpya ina njia yake. Ukibadilisha risasi, unarekebisha darubini upya." Akazungusha kifundo cha darubini, akapiga tena. Matundu yakapanda mpaka katikati.

Fundi viatu akakuna kichwa. "Mama Mtutu anafungua saa ngapi?"

Msimu ulipofunguliwa, Bwana Moja aliingia porini alfajiri. Alimsogelea swala mpaka akawa karibu, akatulia, akafyatua mara moja. Swala akalala hapohapo. Alipomchuna, aliikuta risasi ya shaba chini ya ngozi ya upande wa pili. Ilikuwa imefunguka kama ua, nzima, haikupoteza kipande. Akaiosha, akaitia mfukoni.

Jioni hiyo walikaa tena kula jikoni. Mama akapakua. Binti aliiangalia nyama, akamwangalia baba yake.

"Baba, hii ina risasi?"

Zamani angejibu kwamba ameitoa. Sasa aliweka kile kiua cha shaba mezani, mbele yake.

"Nimempiga kwa risasi," akasema, "lakini haina risasi."

Mama akaangua kicheko. "Leo risasi si risasi?"

"Si risasi, mke wangu. Nilikosea."

Binti akala polepole, mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akaisukuma tena kwa baba yake, kama siku ile.

"Vipi tena, mwanangu?" akauliza Bwana Moja.

"Niongezee, Baba," akasema binti, mkono ukiwa juu ya tumbo. "Tuko wawili huku."