Kitabu cha Mama Twiga

Kila jioni Mama alirudi kutoka maktaba ya umma akiwa hoi. Ndiye mkutubi peke yake pale: apange vitabu, afagie, ahudumie watu. Siku hiyo alivua viatu mlangoni akajitupa kitini.

"Miguu si yangu tena. Na bado sijampelekea mama Twiga habari kwamba kitabu chake kimefika. Nitapita kesho."

Binti yake, ambaye nyumbani walimtania Kiherehere, alimwonea huruma. Mchana, alipopita maktabani, alikuwa amemwona Mama akikiweka kitabu hicho kando, akasoma jina lake. Kwa hiyo kesho yake shuleni, wakati wa mapumziko, alimpazia sauti mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akicheza mpira: "Twiga! Mwambie mama yako kitabu cha watoto wanaokojoa kitandani kimefika!"

Lo! Uwanja mzima uliangua kicheko. Twiga aliacha mpira, akaenda zake nyumbani.

Jioni, Kiherehere akiwa maktaba na kazi zake za shule, mama Twiga aliingia. Hata kuketi hakutaka. "Dada, nilikuamini. Mwanangu amegoma kurudi shule. Hapa sikanyagi tena."

Alipotoka, Mama alionyesha ukutani, penye kanuni za chama cha wakutubi. "Isome ile ya tatu."

Kiherehere alisoma kwa sauti ndogo: "Mkutubi hatamwambia mtu yeyote msomaji anasoma nini." Machozi yakamtoka. "Nilitaka kukupunguzia safari, Mama."

"Najua. Na mimi nilikiacha wazi mbele yako. Nimechoka, lakini twende."

Mama alikichukua kile kitabu, wakaenda. Walimkuta Twiga amejikunyata barazani kwao, mama yake kando.

"Nisamehe, Twiga," alisema Kiherehere. "Kesho nitakupitia, na nitawaambia wote kwamba nimekosa mimi."

Twiga aliinua uso. Alimtazama Mama. "Shangazi, ni mimi peke yangu mwenye shida hii?"

"Hata kidogo. Kitabu hakichapishwi kwa ajili ya mtoto mmoja."

"Wa darasani kwetu nao wamo? Nani?"

"Hilo hulipati kwangu, ng'o! Hata ukinibembeleza mpaka asubuhi."

Twiga alicheka kidogo. Mama yake alishusha pumzi, kisha akamnyooshea mkutubi mkono. "Haya, dada. Kilete hicho kitabu."

Njiani kurudi nyumbani Mama alikuwa akichechemea. "Siri ya msomaji si yetu kuitoa, mwanangu, hata kwa nia njema," alisema. "Mtu mwenye shida akituogopa sisi, atakwenda kuuliza wapi?"