Dakta Alimwambia Mama Mkwe

Mwaka 1993 tulipanga Keko. Mume wangu, Twalib, alitengeneza vitanda kando ya barabara. Mimi niliuza vitumbua. Mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, alikaa chumba cha pili, na kila jambo la nyumba lilipita kwake kwanza.

Nilipopata mimba, alinisindikiza zahanati, kama ilivyo desturi yetu. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena juzijuzi tu, na Dakta Wilbert alikuwa amefungua yake mtaani kwetu. Alinipima damu, akakuta kaswende. Akaniandikia sindano tatu, moja kila wiki.

"Maliza zote," aliniambia. "Ukiacha njiani, mtoto anaweza kufia tumboni. Na mumeo aje apimwe."

Nikachomwa ya kwanza. Nilipotoka, nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni kwa dakta.

"Mwanangu dakta, mkwe wangu ana nini?"

"Shikamoo, mama. Ana kaswende. Msimamie amalize dozi."

Alisema kwa adabu, kama anayemjibu mama yake mzazi. Benchi zima la wagonjwa likageuka kunitazama.

Kesho yake bombani, Najma, mpangaji mwenzetu, aliisogeza ndoo yake mbali na yangu.

"Mpisheni mwenye sindano zake! Na nyie mnaokula vitumbua vyake, shauri yenu!"

Wakacheka. Nilirudi na ndoo tupu. Vitumbua vikadoda. Twalib naye alisikia kwa mama yake, akahamia kulala kwenye kibanda chake cha kazi. Siku ya sindano ya pili sikwenda. Nilijiona mchafu. Hata chooni nilikwenda nimejifunika kanga mpaka machoni.

Jirani yetu Yustina, nesi wa hospitali ya serikali, ndiye aliyebisha hodi.

"Shamimu, mbona hatuvioni vitumbua?"

Nikalia. Nikamweleza yote.

"Sindano ya pili ilikuwa lini?"

"Juzi."

"Basi kesho tunakwenda. Mtoto hajui maneno ya bombani."

"Dada, nitapitaje mbele ya lile benchi?"

"Utapita kwa miguu yako. Kaswende haiambukizwi kwa kitumbua wala kwa ndoo, na inapona. Aliyekosea ni dakta. Siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Hatakiwi kumwambia mama mkwe wala mume bila wewe kukubali."

"Lakini yule ni mtu mzima. Angemnyima jibu?"

"Angesema, 'Shikamoo mama, muulize mwenyewe.' Hiyo si heshima?"

"Na Twalib?"

"Twalib lazima atibiwe, la sivyo atakuambukiza tena. Ila umwambie wewe, au dakta akusaidie mkiwa mmekaa watatu. Na dakta akikupuuza, lipo Baraza la Madaktari. Tutaandika barua."

Kesho yake nilikwenda na Yustina. Benchi lilijaa. Dakta alitoka kumwita mgonjwa, nami nikasimama mbele yake.

"Dakta, siri yangu uliitolea hapa. Kwa ajili hiyo niliacha sindano. Mwanangu akifa, utasemaje?"

Dakta aliinamisha kichwa.

"Nilidhani nasaidia. Nimekosea, dada. Nisamehe."

Tangu siku ile alifunga mlango kila alipozungumza na mgonjwa. Ndugu walisubiri nje. Aliyeuliza alijibiwa, "Muulize mwenyewe." Kwa ruhusa yangu alimwita Twalib, tukakaa watatu. Twalib alipimwa, naye akakutwa nayo. Alitazama vidole vyake vyenye gundi ya mbao.

"Huenda nimeileta mimi," alisema polepole.

Tulimaliza dozi wote wawili. Akarudi chumbani. Nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha nyumba nzima.

Siku ya arobaini, Bi Mwajabu alimpakata mjukuu wake.

"Alhamdulillah, mtoto mzima. Sasa nenda ukamwombe dakta radhi. Mtu msomi, ukamwaibisha mbele za watu! Hata mie niliyemuuliza uliniaibisha."

Uso uliniwaka. Aibu ya lile benchi haijaniisha hata leo. Lakini nilimtazama usoni.

"Mama, nakuheshimu. Kunitibu, nimemshukuru. Radhi siombi. Kwake siombi, na kwako siombi."