Kioo Kilichopakwa Rangi Nyeusi

Wino alipoanza kukwangua rangi nyeusi kwenye kioo cha kabati, aliona kuna aliyemtangulia. Rangi ilikuwa imepakwa upande wa ndani, na upande huohuo kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya kucha. Akacheka peke yake. Panya tu, alijiambia, ingawa panya wa kukwangua kioo hajawahi kumwona.

Mwenye nyumba aliwaonya tangu siku walipohamia: kabati litumieni mpendavyo, rangi ya kioo msiiguse. Lakini Wino, mchapaji wa fulana, alikuwa mtu asiyeambilika. Alishachoka kuanika fremu zake juani huku akiombea wingu lisipite, ndipo akaamua kujitengenezea sanduku la mwanga. Mbao alipata, taa za LED za zambarau alizipanga na kuziunga waya mwenyewe. Kilichobaki ni kioo kizito cha kufunika juu, na kizito kuliko kile cha kabati asingekipata.

"Baba Kidosho, si tuliambiwa?" mkewe aliuliza kutoka kwenye cherehani yake.

"Tuliambiwa na mtu anayeogopa hata popo. Kioo ni kioo, mama."

Kazi yenyewe haina uchawi. Fremu yenye kitambaa cha wavu hupakwa dawa gizani. Juu ya kioo huwekwa plastiki yenye picha nyeusi, fremu hulazwa juu yake, taa zinawashwa kwa chini. Panapopigwa na mwanga dawa huwa ngumu. Panapokingwa na ule weusi hubaki laini, ukimwagia maji inatoka, na hapo ndipo wino hupita. Yaani chochote kitakachokaa kati ya taa na fremu, ndicho kitakachotokea kwenye fulana.

Fremu ya kwanza ilikuwa ya ua. Ua lilitoka safi kabisa, na pembeni yake vikatoka vidole vinne.

"Umesahau mkono wako ndani," mkewe alisema.

Wino akaweka kiganja juu ya alama ile. Vidole vyake havikufika hata nusu.

Kesho yake mchana alifunga pazia jeusi, akajaribu tena bila picha yoyote. Kwa haki, fremu ilipaswa kutoka ngumu yote. Aliwasha taa, akakaa kusubiri kwenye giza lile la zambarau, na mara akasikia harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo ya maji, kisha sauti ndogo ikaanza chini ya kioo, kwaru, kwaru, ikatulia, ikaanza tena, ikisogea taratibu kutoka kona ya mbali kuja upande aliokaa yeye, mpaka ikafika chini ya kiwiko chake na kukaa hapo, na Wino, aliyezoea kumcheka kila mtu, akashindwa hata kunyanyua mkono azime taa. Alipoosha fremu, ulitoka mkono mzima, mpaka kwenye kiwiko.

Hakumwambia mkewe. Aliona aibu, na hilo ndilo lililomponza. Siku iliyofuata alimkuta Kidosho, binti yao wa pekee, ameketi gizani kando ya sanduku.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na yule mrefu. Mkono wake una baridi, baba. Ameniomba nimpashie joto."

Alimbeba mbio hadi kwa mama yake. Kisha, kwa ukaidi au kwa hofu, mwenyewe hakujua, alirudi kujaribu fremu ya mwisho. Maji yalipopita juu yake, mkono mrefu ulitokea tena, na safari hii ulikuwa umeshika mkono mdogo wa mtoto.

"Kidosho alikuwa wapi sasa hivi?" aliuliza, akimkimbilia mkewe na fremu mkononi.

"Hapa, miguuni pangu," mkewe alinong'ona. "Ila alikuwa ameinua mkono juu hivi, kama anayevushwa barabara. Baba Kidosho, umetuletea nini?"

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiyependa maneno mengi. Alichungulia kioo, akamtazama Wino mpaka Wino akainamisha kichwa.

"Uliyekwangua ndiwe utakayepaka. Upande uleule."

Wino akapaka huku mganga akisoma dua kwa sauti ya chini. Brashi ilipogusa kioo, sanduku lilitikisika, kucha zikakwaruza kwa fujo, halafu mkwaruzo ukakatika ghafla. Harufu ikaondoka. Kioo kikarudi kabatini, taa zikang'olewa, na Wino akarudi kuanika fremu zake juani bila kunung'unika.

Jua lilikuwa kali siku zile, na Kidosho alishinda uani akicheza. Alikuwa anakula vizuri, analala vizuri. Wino akaanza tena hata utani wake.

Jioni moja mkewe alimwita kutoka bafuni, taratibu mno.

"Njoo uone hapa. Nimesugua, haitoki."

Mkono wa mtoto ulikuwa umeiva kwa jua, isipokuwa kwenye kifundo. Hapo palizunguka mistari minne mirefu, myeupe kidogo kuliko ngozi yote, kama palipokaa saa ikavuliwa. Wino hakuhitaji kuelezwa. Jua lilipiga mkono wote, na hapo palikuwa na kitu kilicholikinga.

Mkewe akachukua dodoki, akasugua tena kwa nguvu, machozi yakimtoka.

"Mama, acha," Kidosho alisema. "Unamwumiza."