Mwenye Haki ya Kuita

Jua lilikuwa linaegemea mlima Hatibu alipoishika njia ya kupanda mahameni, kapu mkononi. Waliopishana naye wakiteremka na mizigo ya njegere walimuuliza, bwana shamba, saa hizi huko juu unafuata nini? Akawajibu kwamba amesahau jembe. Uongo mtupu. Jembe lake lilikuwa nyumbani, nyuma ya mlango. Ndani ya kapu mlikuwa na unga wa mtama, kibuyu cha maji, na mbeleko kuukuu aliyobebewa binti yake alipokuwa mchanga. Sasa mwanamume mzima na mbeleko jioni jioni, utamweleza nani akuelewe?

Nitawaeleza mimi. Lakini mnivumilie, maana watu wa huku hadithi hii huisimulia mbio mbio, wakamhukumu mtu kabla hawajamjua.

Hatibu alikuwa Mpare wa Usangi, kaletwa milima ya Mgeta na kazi yake ya kilimo. Akamwoa Mwanaasha, Mluguru wa hapo hapo, Mungu akawajalia mtoto mmoja tu, Tausi. Ulipofika mwaka ule wa operesheni vijiji, watu walipoambiwa washuke wakaishi pamoja kando ya barabara, Hatibu ndiye aliyepima viwanja. Na kwa kuwa huwezi kumhamisha mwenzio nawe umekaa, alianza kubomoa nyumba yake mwenyewe. Milango ikashushwa, mabati yakashushwa, kuku wakashushwa. Tausi naye akashushwa, amekalishwa juu ya magodoro.

Tangu siku ile mtoto hakuwa mtoto. Unamkalisha hapa, jioni unamkuta hapa. Ukimwita hageuki. Macho yako wazi, lakini hayakuoni. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakasema mwili hauna ugonjwa, na walisema kweli. Bi Mosi, mama yake Mwanaasha, alimtazama mara moja tu akajifunika uso kwa kanga. Mtoto ameshuka mwili, alisema. Kivuli chake kimebaki kule juu kwenye makaburi ya ukoo, na njia hakiijui.

Kuita kivuli kuna masharti, na Bi Mosi aliyajua yote. Ila Hatibu alikuwa mkwewe, na mkwe hakai uso kwa uso na mkwewe wakapiga soga. Basi bibi alikaa ndani, Hatibu akakaa nje kwenye kigoda, na Mwanaasha akasimama mlangoni kuyapitisha maneno. Kwanza, alisema bibi, mambo matatu lazima yakutane: neno, mkono na kitu. Neno ni jina la mtoto pamoja na ukoo wake. Mkono ni ule wa kuume, unaonyunyiza unga na maji penye kizingiti cha zamani. Kitu ni mbeleko yake. Ni kama mafiga, moja likikosekana chungu kinamwagika. Pili, kivuli kikishapanda mgongoni, mwitaji asitamke neno lolote mpaka akilaze juu ya mwili. Akitamka hata neno moja, kinashuka na kurudi kilikotoka, na kazi inaanza upya siku nyingine. Tatu, mwili una mlango mmoja. Akishaingia mtu, mlango umefungwa.

Na la mwisho, mwitaji awe mjomba wa mtoto.

Kila sharti lilipofika mlangoni Hatibu aliitikia, "Nimesikia." Kwa hilo la mwisho alitamani kuuliza kwa nini mjomba. Lakini mkwe hahojiwi. Akaitikia kama alivyoitikia mengine.

Mjomba alikuwa Kibwana, kaka yake Mwanaasha, mfanyakazi wa reli kule Ngerengere. Habari zikapelekwa na utingo wa lori la kabichi. Mvua ikanyesha, mlima ukaporomoka ukaifunga barabara, na Kibwana hakuonekana. Juzi yake Tausi alikuwa bado anameza uji ukimwekea kinywani. Jana yake akawa anameza maji tu. Asubuhi ya siku ile maji yenyewe yalimtoka pembeni mwa mdomo, yakaloanisha kanga ya mama yake. Mwanaasha akateremka barabarani kumngoja kaka yake, akakaa kwenye jiwe tangu adhuhuri.

Hatibu akabaki na mtoto, na mawazo yakamwingia. Kwao Upare mtoto ni wa baba. Mjomba unamheshimu, unampa nyama yake siku ya shughuli, basi. Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, hilo alilijua, aliliona kwenye mashamba na kwenye mirathi. Lakini aliliona kuwa ni taratibu za watu tu, kama vile nani akae mkekani na nani akae kitini. Yawezekanaje kivuli cha mtoto kisimjue baba yake mzazi? Jamani, msimwite mjuaji. Alikuwa baba anayemwona mwanawe anakauka. Alimwambia Bi Mosi kwa kupitia ukutani kwamba anatoka kidogo, akalitia kapu mkononi.

Mahame yalikuwa kimya.

Ukungu ulikuwa umeshateremka mpaka migombani. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama, mwingine umelala. Hatibu akakipata kizingiti kwa kupapasa na mguu. Akasikia harufu ya moshi wa kuni, na moto haukuwepo. Akapiga goti, akanyunyiza unga kwa mkono wa kuume, akanyunyiza maji, akaifunga mbeleko mgongoni na fundo kifuani kama wafanyavyo wanawake. Halafu akaita.

Ukoo gani aliutaja? Wa kwake. Ndio aliokuwa nao.

"Tausi binti Hatibu..." na akauendeleza, jina la baba yake, la babu yake, mpaka mwenye kitongoji chao kule Usangi.

Kimya. Chura mmoja alikuwa analia, naye akanyamaza.

Halafu... miguu. Miguu midogo juu ya majani makavu ya mgomba. Ikaja polepole, ikasimama, ikaja tena. Hatibu hakugeuka, alifumba macho. Kitu kikamshika shati nyuma. Kikapanda. Mbeleko ikakaza, fundo likamkaba kifua, na uzito wa mtoto ukakaa mgongoni pake kama ulivyokuwa ukikaa zamani.

Machozi yakamtoka. Akainuka, akaanza kuteremka, mdomo ameubana kwa meno.

Alikuwa ameshakivuka kijito alipohisi mgongo umelowa. Akadhani ni jasho. Lakini jasho lina joto, na haya yalikuwa maji ya baridi, yanamchuruzika kiunoni mpaka kwenye visigino. Na harufu ikabadilika. Moshi wa Mgeta uliondoka, ikaja harufu ya tope la ndiva, lile bwawa ambamo Wapare hukinga maji ya kumwagilia mashamba. Kutoka pale mpaka ndiva ya karibu ni safari ya siku nzima kwa basi.

Pumzi ikamgusa sikioni.

"Kaka... tumefika?"

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, na ilisema Kipare. Tausi hakuwahi kufundishwa Kipare hata neno moja. Na Tausi angesema Baba.

Hatibu akasimama njiani. Alimjua. Alikuwa Nambua, mdogo wake. Hatibu alikuwa bado mtoto alipoambiwa amshike mkono wapite ukingoni mwa ndiva. Akaona kundi la wenzake ng'ambo wanacheza, akauachia ule mkono ili akimbie, akageuka kumwambia amfuate, na ukingoni hapakuwa na mtu. Hakuna aliyemlaumu. Mama yake hakumpiga hata kofi. Ndiyo sababu lile jambo halikumtoka, kwa maana adhabu ingelimaliza.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ameita kwa ukoo wake, na aliyemjia ni wa ukoo wake. Tausi alikuwa bado kule juu, anangoja wa kumtaja. Na dawa ilikuwa nyepesi. Aseme neno moja tu, lolote, Nambua arudi alikotoka, na mjomba aje aite kwa haki.

Na mjomba alikuwa amekuja.

Taa ya chemli ilionekana chini, inapanda kwa haraka. Kibwana alikuwa na tope mpaka kwenye mapaja, ametembea maporomoko yote kwa miguu. Nyuma yake alikuwa Mwanaasha, anatweta. Kibwana akainyanyua taa, akamwona shemeji yake kasimama, mbeleko mgongoni imevimba na haina kitu. Akaelewa nusu. Akafanya linalofanywa na kila mtu aliyelelewa.

"Asalamu alaykum, shemeji."

Salamu huitikiwa. Hata adui huitikiwa. Maneno mawili tu yangetosha, tena yalikuwa tayari ulimini. Hatibu akafungua mdomo.

Mikono miwili midogo, ya baridi, ikamzunguka shingo.

"Usiniachie," ikasema ile sauti.

Akafunga mdomo. Akainamisha kichwa, akawapita wote wawili, mkewe na shemeji yake, bila kuitikia. Mwanaasha, masikini, alifurahi. Alidhani mumewe anashika sharti. Akatangulia mbio kwenda kufungua mlango.

Hatibu akaingia, akainama juu ya mkeka, akailegeza mbeleko juu ya mwili wa binti yake.

Mtoto akavuta pumzi. Akakohoa maji mengi, ya tope, mkeka ukalowa. Halafu akafumbua macho na macho yakaona. Akaomba maji akanywa, akaomba chakula akala. Mwanaasha alikuwa analia na kucheka, anambusu miguu. Mtoto akamtazama kwa adabu, kama mtu aliyefika ugenini. Akanyoosha mkono kwa Hatibu na kusema kitu kwa Kipare.

Bi Mosi hakutoka chumbani. Kutoka humo humo alimwuliza Mwanaasha ni nani aliyeita.

Kesho yake magharibi Kibwana alipanda mahameni mwenyewe. Hakuna aliyemtuma, na Bi Mosi alimwambia wazi kwamba mlango umeshafungwa. Akajibu kwamba hawezi kurudi Ngerengere na mtoto wa dada yake yuko porini hajaitwa. Akajifunga mbeleko, akanyunyiza, akaita kwa ukoo wa mama yake, ukoo wa makaburi yale. Wanasema hakumaliza hata jina. Tausi alimrukia mgongoni kama aliyekuwa amesimama hapo hapo muda wote.

Akateremka naye, kimya, mpaka uani. Ndani, kwenye mkeka, yule mtoto mwingine alikuwa amelala usingizi mzito, tumbo limejaa, ameshika kidole cha Hatibu. Kibwana akasimama kizingitini. Akajaribu kuingia, na mbeleko ikavutwa nyuma. Akajaribu tena. Kitu kilikuwa kinamzuia, laini lakini hakipitiki. Na wote waliokuwemo mle ndani wakasikia sauti wanayoijua.

"Mama, nimefika. Mbona kuna mtu amelala pangu?"

Mwanaasha hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe taratibu, akamwuliza swali moja.

"Ulijua?"

Hatibu angeweza kusema uongo. Wa jembe alikuwa ameusema bila shida.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimemshika, Mwanaasha. Nilishindwa kumwachia mara ya pili."

"Na wangu?"

Mwanaasha alimtazama yule mtoto mkekani, na wanaosimulia husema alimtazama kwa huruma. Lilikuwa shavu la binti yake, mwanya wa binti yake. Akamfunika vizuri, maana nje kulikuwa na baridi. Angeweza kumtikisa, angeweza kumfukuza kwa maneno makali ambayo mama yake aliyajua. Lakini mtoto ni mtoto, naye alikuwa mama. Akatoka uani, akaipokea mbeleko kutoka kwa kaka yake, akaifunga mgongoni kwake. Kiuno chake kikainama kidogo kwa uzito. Akaishika njia ya kupanda.

Viongozi wa kijiji walimtumia watu mara nyingi wamrudishe. Walimkuta kwenye mahame anapalilia, kajijengea kibanda cha mabua, anaongea peke yake kwa furaha na upole. Walirudi wakasema amerukwa na akili. Ila mmoja wao, Petro, aliacha kwenda kabisa, na ukimwuliza sababu anasema kule juu alikaribishwa uji na watu wawili.

Hatibu akabaki bondeni. Mtoto alikua, Kiswahili akakijua, kazi za nyumbani akazijua. Mbele za watu alimwita Baba. Mkono wa Hatibu hakuuachia hata walipokwenda dukani, na usiku alilala amemshika kidole. Jioni, ukungu unapopanda, sauti ya mwanamke huteremka kutoka mlimani, haijulikani ni wimbo au kilio. Mtoto huinua kichwa.

"Kaka, yule ni nani?"

"Ni mama," Hatibu humwambia, "anambembeleza mwanawe."

"Mwanawe anaumwa?"

"Hapana. Anataka kurudi nyumbani."

Mtoto hufikiri kidogo, halafu humwambia kaka yake amwambie huyo mtoto aje, nafasi ipo mkekani, yeye atasogea. Na anasogea kweli, kila siku, anaacha upande mmoja wazi.