Nani Aliyezifuta Zile Sekunde Kumi?

"Wewe ndiye uliyemkata kaka yangu vidole!!"

Sauti ya wifi yangu ilijaa ofisi nzima. Meneja akashusha miwani. Karani akaacha kuandika. Mimi nikabaki nimesimama kama nguzo...

Mume wangu alikuwa amelazwa hospitali. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havipo. Na mashine iliyovikata, paneli yake niliijenga mimi. Kwa mikono yangu hii hii.

Ngojeni niwaeleze vizuri, jamani.

Mimi ni fundi umeme. Mwanamke, ndiyo. Tena si wa kufunga taa na soketi tu, mimi natengeneza paneli, yaani masanduku ya umeme ya kuendeshea mashine. Kiwanda chetu kinatengeneza chakula cha kuku na ng'ombe. Kuna pipa kubwa la chuma, ndani yake mapanga yanazunguka yanachanganya pumba na mahindi. Mume wangu ndiye alikuwa mwendeshaji wa pipa hilo, zamu ya asubuhi.

Mota ya pipa lile inakula umeme mkubwa, wa kuua. Kwa hiyo kitufe cha kuwashia hukiungi na umeme huo. Kitufe kinatumia volti ishirini na nne tu. Hizo volti ndogo zinaenda kuiamsha rilei, ambayo ni swichi inayojifunga yenyewe ikipata umeme kidogo, na rilei ndiyo inayoufungulia njia ule umeme mkubwa. Mdogo anamwamuru mkubwa. Ndiyo raha ya kazi yetu!

Sasa, kati ya kitufe na rilei niliweka taima. Ukibonyeza, king'ora kinalia sekunde kumi kwanza. Kama kuna mtu ana mkono humo, autoe. Zikiisha kumi, ndipo taima inaipa rilei umeme, na mapanga yanaanza.

Sekunde kumi. Nilizipima mara ishirini kabla sijakabidhi kazi.

Siku ile, saa nne asubuhi, mume wangu aliinama kutoa bonge la pumba lililonasa kwenye mdomo wa pipa. Mwenzake wa zamu, aliyeazimwa siku hiyo kutoka zamu ya mchana, alikuwa upande wa pili, hakumwona. Akabonyeza, akijua king'ora kitamwondoa yeyote aliye karibu.

King'ora na mapanga vikaanza PAMOJA!

Hayo mengine sitayaandika. Nina watoto wanaosoma simu yangu.

Meneja alipoazima ufunguo wangu na kufungua paneli, alikuta skrubu ndogo ya kupangia sekunde za taima iko kwenye sifuri. Ndiyo maana mafundi umeme na ndugu wa mume wangu tuliitwa ofisini kesho yake. Ndiyo maana wifi yangu alikuwa ananinyooshea kidole.

"Mimi niliiweka kumi," nikasema. "Ipo alama nyekundu pale, niliichora kwa rangi yangu ya kucha. Kuna mtu ameizungusha!"

"Paneli ina kufuli," akasema meneja. "Funguo ziko ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nani?"

"Mmoja ninao mimi..."

Macho yangu yakaenda kwenye kona alikokaa fundi mwenzangu.

Wa pili alikuwa nao Mita.

Mita ni shoga yangu. Jina lake hilo alilipata chuoni kwa sababu hakuwa anatembea bila mita ya kupimia umeme, hata kantini. Tulikuwa wasichana wawili katika darasa la wavulana arobaini. Akicheka mmoja, tumecheka wote. Harusi yangu alisimamia yeye. Mwanangu wa kwanza nilimzaa nikiwa nimemng'ang'ania mkono mpaka ukavimba. Kazi hapa kiwandani tulipata pamoja.

Lakini wiki mbili kabla ya ajali, meneja alikuwa amenichagua mimi kuwa mkuu wa mafundi. Siyo yeye. Alinikumbatia, akanipongeza. Watu walininong'oneza: "Angalia, yule ana kinyongo." Nikawapuuza.

Pale ofisini yale maneno yakarudi yote kwa pamoja...

"Mita. Ni wewe?"

Akainua macho. Akamtazama wifi yangu. Akanitazama mimi.

"Sikuigusa ili kumuumiza mtu," akasema polepole.

"Kwa hiyo uliigusa!!"

"Dada, tuongee pembeni. Tafadhali. Wawili tu."

"Pembeni kuna nini? Sema hapa hapa!"

Akatikisa kichwa.

Nyie! Hasira zilinipanda hadi macho yakaingia kiza. Nilimwita mchawi. Nilimwita nyoka. Nilimwambia, umenionea wivu tangu chuoni, mume sikugawii, cheo sikugawii, sasa umeamua kunimalizia nyumba! Yaani nilitapika maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naziba masikio.

Yeye alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza, akatoka.

Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Na mimi nikaona sawa.

Zikafuata wiki tatu za hospitali. Asubuhi napeleka uji, namnywesha mume wangu kwa kijiko kwa sababu mkono wa kushoto bado haujazoea. Namfuta mdomo. Namkata kucha za mkono uliobaki mzima.

"Nilikwambia yule rafiki yako si mtu," alikuwa ananiambia.

"Ulikuwa sahihi, baba."

"Muachie Mungu. Usimtafute."

Nikawa naona nimeolewa na malaika. Mtu amepoteza vidole na bado ana moyo wa kusamehe!

Siku moja meneja akaniambia nichongeshe ufunguo wa tatu wa paneli, akae nao yeye ofisini, maana ule wa Mita alishapewa fundi mpya. Mchana nikaenda kwa fundi wa funguo, anayeweka meza yake nje ya duka la viatu.

Nikampa ufunguo. Akaugeuza geuza, akacheka.

"Huu wa pembe tatu umenirudia tena? Ule wa kwanza uliniumiza vidole, nilisaga karibu saa nzima!"

"Wa kwanza upi?"

"Si ule wa mwezi juzi."

"Aliuleta dada mwembamba, ana nywele fupi?"

"Hapana! Aliuleta mumeo. Alisema umemtuma, una kazi nyingi." Akanitazama. "Vipi, ule ulipotea?"

Barabara ilikuwa imejaa watu na pikipiki lakini mimi sikusikia kitu. Nilishika ukingo wa ile meza yake mpaka funguo zikaanza kuanguka chini moja moja...

Nikaenda hospitali moja kwa moja. Nilimkuta amekaa kitandani, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

"Mbona umekuja mapema leo?"

"Ufunguo wa paneli uliochongesha uko wapi?"

Kalamu ikamponyoka.

"Ufunguo gani?"

"Usinifanye mjinga, baba. Fundi ameniambia."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika shuka, akajifanya amelala.

"Zilikuwa zinanichelewesha," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Zile sekunde zako. Kila pipa, king'ora, subiri. Zamu ya mchana walikuwa wanatupita. Nilitaka tuwe wa kwanza, nipewe usimamizi wa zamu. Wewe tayari ulikuwa unapanda cheo, mimi nipo pale pale na pipa. Asubuhi naipeleka sifuri, nikitoka nairudisha kumi. Nilikuwa makini... siku zote nilikuwa makini."

Nikapiga hesabu pale pale nimesimama. Zamu moja wanachanganya mapipa arobaini. Sekunde kumi mara arobaini.

Haifiki hata dakika saba!

Vidole vitatu vya mume wangu, na rafiki yangu wa miaka kumi na minne, kwa dakika saba za siku!

"Na Mita je? Yeye alisema aliigusa!"

Akageuzia uso ukutani.

"Alinikuta. Wiki moja kabla. Akairudisha kumi mwenyewe, mbele yangu. Akasema nikirudia atakwambia. Nikamwapia kwa watoto wetu."

"Na ukarudia."

Akainama kuokota kalamu yake.

"Nilikuja hapa siku ile ile nikakwambia amefukuzwa. Nililia juu ya hicho kifua chako! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nataka kusema," akasema. "Lakini wewe ulishaamua kuwa ni yeye. Ikawa... ikawa rahisi tu."

Rahisi!

Niliacha chupa ya uji kwenye meza nikatoka. Nililia chooni mpaka muuguzi akaja kugonga mlango.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa meneja nikamweleza kila kitu, nikijua kabisa ninachokichoma ni kazi ya baba wa watoto wangu. Ukoo mzima ukanigeuka. Wifi yangu akanipigia: "Umemsaliti mumeo akiwa kitandani!" Nikamwambia, wifi, ajali ilikuwa ya bahati mbaya, uongo haukuwa wa bahati mbaya. Akakata simu. Hadi leo hatusalimiani. Mimi na watoto tunakaa kwa dada yangu.

Halafu nikaenda kwa Mita.

Nilimkuta chumbani kwake, mlango wazi, amekaa sakafuni anafunga waya kwenye kipaneli kidogo cha pampu ya maji. Sasa anafanya kazi zake mwenyewe, na wateja hawakauki. Alikuwa na bisibisi mdomoni.

Nikapiga magoti. Sikuwa nimepanga.

"Nimejua, Mita. Nimejua yote. Meneja anasema urudi kazini."

Akatoa bisibisi mdomoni.

"Inuka, utachafua nguo."

"Kwa nini hukulitaja jina lake pale ofisini? Ungejiokoa!"

"Wifi yako alikuwa pale. Wafanyakazi wote walikuwa mlangoni. Nikaona usiisikie aibu ya nyumba yako mbele ya watu. Ndiyo maana nikakuomba pembeni." Akaiweka bisibisi chini. "Na mimi nina kosa. Ningekwambia siku ile ile niliyomkuta, angekuwa na vidole vyake. Hilo nalala nalo."

"Ungenitafuta baadaye basi! Hata simu!"

"Ulinizuia kwenye simu, dada."

Nikakumbuka. Kweli. Nilimzuia nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Siyo kuitwa mchawi. Uliposema funguo ziko mbili, hukuniuliza swali la pili. Moja tu. Fundi mzuri kama wewe, waya mmoja ukileta shida unaupima mara tatu. Mimi hukunipima hata mara moja na nusu."

"Nisamehe, Mita."

"Nimekusamehe."

Nikanyoosha mikono nimkumbatie. Akanizuia kifuani, taratibu tu, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka ulie.

"Nimekusamehe kweli. Ila usinizoee tena."

Akarudi kwenye pampu yake.

Wapendwa, mimi nilidhani simulizi hii ni ya mwanamke aliyesalitiwa na mume. Nilisalitiwa, ndiyo, tena vibaya. Lakini anayeniamsha usingizini si mume wangu. Ni yule niliyemtupa kwa maneno ya dakika mbili, aliyekuwa amenyamaza kwa ajili yangu.

Mtu wako akikuomba pembeni, nenda pembeni. Msikilize kwanza. Kama ana makosa, utamtukana baadaye, matusi hayaozi.