Ndoo ya Tereza

Kila Jumatano asubuhi, mimi Nkwabi, mlinzi wa chuo cha biashara kilichojengwa juu ya mawe hapa Mwanza, naona vichekesho vya bure getini. Jumatano ni siku ya suti. Mvulana asiye na tai haingii darasani. Sasa watoto wa wavuvi na wakulima watatoa wapi tai? Kijana Jairo huja na koti la marehemu mjomba wake, mikono yake imemeza vidole. Akishapita, anavua tai na kuirusha nje kupitia nondo za geti. Mwenzake anaivaa, anapita, anairusha tena. Tai moja huingiza nusu ya darasa. Mimi natazama ziwa. Niliagizwa kukagua tai, sikuagizwa kuuliza ni ya nani.

Wakiwa darasani nawasikia wakiitikia kwa sauti, "Mteja ni mfalme!" Somo hilo la huduma kwa mteja hufundishwa na mkuu wa chuo mwenyewe, Bwana Jonathan. Kengele ya mapumziko ikilia, wafalme hao wanateremka mbio mpaka getini kunawa mikono kwenye ndoo ya Tereza, mama anayekaanga samaki nje ya chuo. Mabomba ya chuo yamekauka tangu muhula uanze. Pampu imeharibika. Ziwa lote lile liko chini yetu, tunaliona kwa macho, na chuoni hakuna maji ya kunawa hata kidole! Ukiuliza, unaambiwa suala linashughulikiwa.

Mke wangu alikufa kwa ugonjwa wa kuhara, mwaka ambao bomba la mtaa wetu lilikauka. Wakubwa walipita na kipaza sauti wakituambia tunawe kwa maji safi. Maji yapi? Mpaka leo hawajanijibu.

Tereza ni mtu wa Nansio, kule kisiwani. Ndoo yake ina koki, na kipande cha sabuni amekifunga ndani ya wavu wa zamani ili kisipotee. Hampi mtu samaki kabla hajanawa, hata awe nani.

Alhamisi moja Bwana Jonathan aliniita ofisini.

"Mzee Nkwabi, kesho wageni wa bodi wanakuja. Yule mama wa samaki asionekane hapo nje."

"Amekosa nini, mkuu?"

"Mchafu. Hana hata maji ya kunawa. Si mimi ninayesema. Wanafunzi wamefanya utafiti, na kesho watausoma mbele ya wageni."

"Wanafunzi gani hao?"

"Favour na Jairo. Vijana makini sana."

Nilitoka pale na hasira. Favour! Binti wa Okech kutoka Mara, anayekula kwa Tereza kila siku ya Mungu! Na kila mtu alijua kwamba kantini ya chuo, ile inayouza wali wa baridi, ni ya shemeji yake mkuu. Tereza akiondoka, wanafunzi watakula wapi kama si huko?

Jioni nilimsimamisha Favour getini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Njoo hapa. Eti Tereza hana maji?"

Binti aliinamisha kichwa. "Babu, tuliambiwa tutafute biashara chafu tuishauri. Tulitaka kuandika kuhusu kantini. Mkuu akakataa, akasema tutafute nje ya chuo."

"Halafu?"

"Jairo akasema tumwandike Mama Tereza. Tulikaa darasani tukatunga tu. Hatukujua kama atafukuzwa."

"Mlidhani maneno yenu yanakwenda wapi? Kupunga upepo?"

"Sasa nikibadilisha, mkuu atanifelisha. Na baba amesema nikifeli sirudi tena chuo. Nitakwenda kuanika dagaa mpaka nizeeke."

"Na Tereza akifukuzwa kesho, wanawe watakula nini?"

Tereza alikuwa amesikia yote, maana hasira yangu haijui kunong'ona. Hakupiga kelele. Alimwekea Favour sato na ugali wa muhogo kama kawaida, kisha akamwonyesha ndoo.

"Karibu, mfalme wangu. Nawa kwanza, ingawa sina maji."

Favour alinawa huku machozi yakimdondokea mikononi. Samaki wake hakummaliza.

Ijumaa asubuhi sikumfukuza Tereza. Nilimwambia mkuu kwamba mgongo unauma na meza ni nzito. Alinitazama vibaya, lakini magari ya wageni yalikuwa yameshaanza kupanda kilima. Akaniamuru nisimame mlangoni mwa ukumbi, nifunge mdomo.

Jairo ndiye aliyeanza. Siku hiyo tai ilikuwa yake peke yake. "Waheshimiwa wageni, katika utafiti wetu wa kina..."

Favour alimvuta koti, likamtoka begani.

"Samahani," alisema. "Hakuna utafiti. Tulitunga. Mama Tereza ana maji na sabuni. Wasio na maji ni sisi hapa chuoni."

Bwana Jonathan alisimama haraka. "Huyu binti ana homa. Wageni wetu, twendeni tukale."

"Tukale," alisema mwenyekiti wa bodi, Mama Wilhelmina, bibi mfupi mwenye miwani. "Lakini tunanawa wapi?"

Alikwenda mwenyewe kwenye bomba la ukumbini akalifungua. Bomba likakohoa, likatema mende mmoja, likanyamaza. Wanafunzi waliziba midomo.

"Mlinzi, wanafunzi huwa wananawa wapi?"

Bwana Jonathan alinikazia macho. Mimi nilikumbuka kile kipaza sauti cha mtaani kwetu.

"Getini, mama," nikasema. "Kwa yule niliyeagizwa kumfukuza."

Ndipo nikaona kichekesho kilichozidi vya Jumatano zote. Wageni wenye suti walipanga foleni juani mbele ya ndoo ya Tereza. Wa mwisho alikuwa Bwana Jonathan. Tereza alimfungulia koki.

"Karibu, mfalme."

Wiki iliyofuata maji yalitoka. Pampu iliyokosa fedha muhula mzima ilipata fedha ghafla! Mama Wilhelmina aliagiza Tereza asiguswe. Favour na Jairo walipewa sifuri kwa uongo wao, wakarudia kazi yao. Safari hii walikwenda kantini wakauona uchafu kwa macho yao, na wakafaulu. Bwana Jonathan yupo palepale kwenye kiti chake. Wakubwa ndivyo walivyo.

Siku ya matokeo vijana wale walinijia getini wakicheka.

"Mmemwomba Tereza radhi?" niliwauliza.

"Tumemwomba, babu," alisema Jairo. "Ametupa masufuria yote tusugue."

"Vizuri. Sasa sikilizeni. Mimi shule niliionja tu, lakini nyinyi mtakuja kukalia viti vya wakubwa. Siku hiyo bomba likikauka, semeni limekauka, halafu litengenezeni. Msitafute mama maskini wa kumsingizia. Uongo wa mwenye kiti haubaki kwenye karatasi. Unamfukuza mtu kwenye riziki yake, unawanyima watoto maji, na wengine unawazika. Mimi nimeshazika mmoja."

Kicheko kiliwaisha. Jairo alikuwa ameshika tai mkononi.

"Haya, kanaweni mikono," nikawaambia. "Samaki wanapoa."