Cheti Chenye Jina Geni

Kila asubuhi Mzee Kioo alifungua duka lake la fremu, akafuta vumbi mezani, akachemsha chai ya mtu mmoja. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa akisoma ng'ambo. Mchana kutwa mzee alizungumza na msumeno wake, na siku nyingine na picha za wateja. Hazikumjibu, lakini nazo hazikumkatiza.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutia vyeti kwenye fremu. Vyeti vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, kwa hiyo alijiona hakimu wa elimu. Alijua ngazi zote. Kuna shahada ya kwanza. Juu yake kuna shahada ya uzamili. Juu kabisa kuna shahada ya uzamivu, na mwenye hiyo huitwa daktari hata kama hajawahi kushika sindano. Binti yake alikwisha kupata mbili za mwanzo nyumbani, kisha akaenda ng'ambo kwa miaka mitatu kujiendeleza. Mzee aliwaeleza majirani habari hizo, watake wasitake.

Jumatatu posta ilileta bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua, cheti chenye muhuri mwekundu, na karatasi tatu zilizochapwa maneno mengi, bila nakshi yoyote. Barua ilisema chuo cha pale mjini kinatafuta mwalimu aliyesoma zaidi ya uzamili. Binti alimwomba baba yake apeleke bahasha yote chuoni kabla ya Ijumaa, saa tisa alasiri. "Nikipata kazi hiyo, baba, nitarudi nyumbani."

Mzee akavaa miwani, akasoma cheti. Shahada yenyewe iliitwa Lisensiati.

Neno hilo alikuwa amewahi kuliona. Mpima ardhi mmoja, aliyesoma kusini mwa Ulaya, aliwahi kuleta cheti chenye jina hilohilo, na mzee alimwuliza ni ngazi gani. Mpima akajibu kwamba ni shahada yake ya kwanza.

Basi mtu apande ngazi mbili, aende mbali kote huko, kisha arudi na ya kwanza? Mzee akaamini kwamba binti yake ameshindwa masomo na sasa anamficha. Akakifungia cheti kwenye saraka ya meza. Zile karatasi tatu akazitupa kwenye rundo la karatasi za kufungia vioo. Tangu aanze kazi, hakuna mteja aliyeleta karatasi za namna ile azitie fremu.

Jioni binti akapiga simu. Akauliza kama bahasha imefika. Mzee akasema imefika. Akauliza kama amekiona cheti. Mzee akasema amekiona. Mzee hakumpa hongera. Akasema ana mteja, ilhali dukani hapakuwa na mtu. Jumanne simu ililia, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Jumatano haikulia kabisa, na siku hiyo duka lilikuwa kimya kuliko siku aliyomzika mkewe.

Alhamisi alikuja karani wa chuo, mama mmoja mcheshi, kuchukua kioo cha ubao wa matangazo. Mzee akajitia kupima kioo mara ya pili na ya tatu. Mwishowe akasema kuna mtu mmoja, si wa mtaa huu, ambaye mwanawe ameleta cheti cha lisensiati.

"Mtu huyo anaishi wapi?" karani akauliza.

"Mbali."

"Mbona machozi yamefika hapa, Mzee Kioo?"

Mzee akafungua saraka. Karani alikisoma cheti kwa makini, kisha akauliza zilipo karatasi zilizokuja nacho. Mzee akasema kulikuwa na makaratasi tu, na kwamba mpima ardhi mmoja aliyesoma kusini mwa Ulaya alimwambia lisensiati ni shahada ya kwanza.

"Hayo makaratasi ndiyo tunayosoma kwanza, baba. Jina la shahada halitoshi. Kila nchi huziita shahada zake inavyotaka. Alikosoma mpima wako, lisensiati ni ya kwanza. Kwenye baadhi ya nchi za kaskazini, huanzi lisensiati mpaka uwe na uzamili. Iko juu ya uzamili, chini ya uzamivu. Kuna hata mahali ambapo shahada yenye jina la uzamili ndiyo watu wanayoanza nayo."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Uliza alihitaji nini ili aingie. Uliza alisoma miaka mingapi, na kama alifanya utafiti. Yote yameandikwa kwenye hizo karatasi. Kisha iko mamlaka ya serikali inayolinganisha vyeti vya nje na vya kwetu. Neno lao ndilo la mwisho, si la mpima, wala la fundi fremu."

Mzee akapiga magoti kwenye rundo. Karatasi mbili akazipata. Ya tatu ilikuwa imefungia kioo ambacho kinyozi wa jirani alikwisha kukichukua. Akatoka mbio na aproni yake. Kinyozi akamwambia kwamba amezoea wateja wanaodai nywele zao, lakini wa kudai karatasi ndiye wa kwanza. Karatasi ilikuwa na kunyanzi na alama ya gundi, ila ilisomeka. Iliandikwa: sharti la kuingia, shahada ya uzamili.

Ijumaa asubuhi bahasha ilikuwa chuoni, kamili. Mzee akaketi dukani, akampigia binti yake.

"Nilidhani umeshindwa," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Siku ya mahafali kila mtu alikuwa na wa kumpiga picha," binti akasema. "Mimi nilimwomba mlinzi wa mlangoni. Nikasema si kitu, baba akikiona cheti atafurahi."

Mzee akauliza, "Hiyo miaka mitatu, ulikuwa unachunguza nini?"

"Hujawahi kuniuliza."

"Nakuuliza leo."

Binti akaanza kueleza jinsi kutu inavyokula vyuma vya madaraja. Nusu ya maneno mzee hakuyaelewa. Mteja aliingia, akaonyeshwa kwa mkono asubiri.

Baada ya wiki saba mamlaka ya vyeti ilikijibu chuo kwamba shahada ile iko juu ya uzamili. Chuo kikamwajiri binti, naye akarudi nyumbani. Siku hizi mteja akileta cheti cha nje, Mzee Kioo humwuliza zilipo karatasi nyingine. Kisha humwuliza alisomea nini huko, naye husikiliza mpaka mwisho.